Bao Ukumbini Mwetu: Hotuba kwa Mkutano wa Mwaka



Sisi wa halmashauri ndogo ya elimu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita, nalo ni jambo la michezo. Mwakumbuka kwamba mabao mawili yaliyokuwa barazani pa ukumbi huu yalifungiwa stoo kwa azimio la mkutano, kwa kuwa baadhi ya vijana walikuwa wakiyachezea fedha, na kwa kuwa watoto waliokuja kutazama walichelewa kurudi makwao kusoma. Yatupasa kukiri mapema: sisi tunaosema leo tuliinua mikono kuliunga azimio lile. Leo twaomba litazamwe upya.

Tangu mlango wa stoo ufungwe, kamari haikupungua hata kidogo. Walioyafanya mabao kuwa njia ya fedha wameketi sasa pembeni na simu zao, wakiweka fedha juu ya mechi za mpira zichezwazo nchi za mbali, wala hapana mzee awaonaye na kuwakemea. Walioondoka ni watoto. Hapo awali, saa kumi jioni, mlikuwa na watoto sita au saba waliochuchumaa nyuma ya wazee, kimya, wakihesabu kete kwa macho. Siku hizi baraza ile ina wazee watupu, na watoto wako barabarani, kwenye magari.

Huenda wako kati yetu wasioujua mchezo wenyewe, hasa ndugu zetu wa bara waliozoea ajua ya Waluo au giuthi ya Wakikuyu, ambayo ina safu mbili tu za vishimo. Bao la Kiswahili lina safu nne, kila safu vishimo vinane, jumla 32. Na kete ni 64, aghalabu mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu zake mbili. Huanza kwa kuweka kete 6 katika nyumba, ambacho ni kishimo cha nne kutoka kulia katika safu ya mbele, kisha kete 2 katika kila kimoja cha vishimo viwili vinavyofuata upande wa kulia. Zinabaki 22 mkononi, naye huziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo, mpaka ziishe. Ndipo huanza sehemu ya pili, ambapo kila hatua hutokana na kete zilizo ubaoni tu.

Mwenye kula huzichukua kete za kishimo cha adui kinachomkabili, akazisambaza upande wake. Kete ya mwisho ikiangukia mahali penye kete na mbele yake pana kete za adui, hula tena; ikiangukia mahali patupu, mwendo umelala, na zamu ni ya mwenziwe. Jambo linalotupendeza sana ni kwamba kete haziondoki ubaoni. Zilizoliwa huwa za mlaji, naye hana budi kuzilinda, kwa maana kesho zaweza kurudi zilikotoka. Tangu kete ya mwisho ya mkononi kuingia mpaka mtu ashindwe, hesabu ya ubao ni 64, wala haipungui.

Sasa mtazameni mtoto wa miaka tisa mbele ya ubao huo. Kabla ya kugusa kitu ni lazima ajue kete zake zitaishia wapi. Vishimo vyake ni 16 kwa safu zote mbili. Basi akiokota kete 16 atazunguka na kurudi pale pale alipoanza, na akiokota 13 atapungukiwa vitatu. Hiyo ni hesabu ambayo mwalimu angeifundisha kwa ubao na chaki, na mtoto akasinzia. Hapa anaifanya mwenyewe, upesi, kwa sababu anataka kumshinda babu yake. Tena ana mambo ya kuchagua. Kete yake ya kula ikiishia nyumbani penye kete nyingi, yu huru kulala pale na kuitunza nyumba yake, au kuivunja na kwenda safari. Atakayekwenda safari kwa pupa ataziona kete zake zimetawanyika mbele ya adui. Hayo hatukumfundisha kwa maneno. Aliyaona kwa macho yake.

Kwa anayeanza liko bao la kujifunza, ambalo kila kishimo hutiwa kete mbili, na mchezo ukaanza mara moja bila ya kete za mkononi. Twawashauri wazazi waanze na hilo. Mtoto akitupwa mara moja katika bao kamili atachoka, naye atasema mchezo huu ni wa wazee.

Mzee mmoja alituuliza katika halmashauri, kwa hasira kidogo, kama tumewaleta watoto duniani wacheze. Swali hilo tulilichukua kwa heshima. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nasi tungeongeza kwamba mababu zetu hawakungojea mkataba. Ni nani kati yetu hakucheza mdako, akarusha kijiwe juu na kuvitoa vingine shimoni kabla hajakidaka, kisha akavirudisha akabakiza kimoja, kisha viwili? Ni nani hakuketi gizani kwa bibi yake akangoja kuitwa, "Kitendawili!" naye akaitikia, "Tega!"? Tulidhani tunacheza tu, kumbe tulikuwa tukifunzwa kuhesabu na kusema.

Wala mchezo si wa watoto peke yao. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alilitia bao katika ushairi wake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebeba mzigo wa taifa zima la Tanzania, alipenda kuketi kwenye bao. Na Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kwa mabingwa wa bao, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1995 akichunguza namna wanavyofikiri. Sisi tunaofungia mabao stoo, wengine wanavuka bahari kuja kuyasoma!

Akina mama nao wametuletea neno lao, nalo ni la haki. Wamesema kwamba baraza hii imekuwa ya wanaume tangu ilipojengwa, na kwamba binti akikaribia ubao huambiwa akachote maji. Hatukuwa na jibu. Katika halmashauri tulitafutana macho, kisha tukaandika kwamba wasichana watakaribishwa sawa na wavulana, na kwamba mama anayetaka kucheza asiulizwe anatafuta nini pale.

Kuhusu fedha hatutalegea. Atakayeweka hata senti moja juu ya bao katika ukumbi huu atatolewa barazani kwa miezi mitatu, awe kijana au awe mmoja wetu. Wakati wa masomo tumeusikia pia, na wazazi waliolalamika walikuwa na haki. Kwa hiyo twaomba mabao yafunguliwe Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tisa mchana mpaka magharibi, na siku za juma yawe ya watu wazima tu. Watahitajika wazee wanne wa kupeana zamu, wawili kila siku, watakaokubali kushindwa na watoto bila ya kununa. Wawili wamekwisha kujitolea.

Tulikwenda stoo juzi kuyatazama. Bao moja ni zima, na kete zake 64 zimo mfukoni. La pili limeliwa na mchwa ukingoni, lakini vishimo vyote ni vizima, na fundi wetu asema siku moja yatosha kulitengeneza. Kete zake tulizihesabu mara mbili tukapata 59. Mwanachama mwenye komwe nyumbani, au ajuaye kichaka cha mkomwe huko ufukoni, twamwomba amletee katibu tano, zilizokauka vizuri, kabla ya Jumamosi.