Simu ya Upepo na Roho za Wazima Moto



Sisi wa reli tumefundishwa: gari halipewi njia mpaka stesheni ya mbele ijibu. Basi sikilizeni habari za Hackensack, mji ulio karibu na New York, Marekani. Tarehe 1 Julai 1988 karakana ya magari iliwaka moto, paa likaanguka, wazima moto 5 wakafa. Wawili kati yao hawakufa papo hapo. Walikimbilia chumba cha vyombo, wakaita kwa redio tena na tena waokolewe. Hawakujibiwa. Idara ilitumia njia moja tu ya redio, ya kuitia magari na ya kuamrishana motoni, maneno yakagongana. Raia waliokuwa wakisikiliza majumbani mwao ndio waliopiga simu kuarifu!

Dawa yake twaijua. Njia ya pili iwe ya motoni peke yake. Awepo mtu wa kusikiliza tu, asiyeshika mpira wa maji. Na kila neno lirudishwe kwa aliyelisema. Redio ni chombo cha kazi kama kofia na buti, si zawadi ya tajiri. Lakini tajiri hupenda kununua mashine, kuajiri msikilizaji hataki. Wenzetu wa zimamoto wakidai mtu huyo, tusimame nao.