Sayansi Haifundishwi kwa Chaki Peke Yake

Askari mpya anapofundishwa bunduki hapewi daftari peke yake. Huifungua kwa mikono yake mwenyewe, huisafisha, huiunganisha tena, kisha hupelekwa kwenye uwanja wa shabaha akajaribiwe. Hakuna jeshi linalomweka mlinzi lindoni kwa sababu tu aliweza kuandika ubaoni majina ya sehemu za silaha yake. Kadhalika polisi hafuzu kazi ya kupima mahali pa ajali kwa kukariri. Hushika utepe wa kupimia, akainama barabarani, akapima alama za magurudumu na kuziandika. Hata hivyo, kwa miaka mingi watoto wa askari hao hao wamefundishwa sayansi kwa njia ambayo chuo chochote cha mafunzo ya kijeshi kingeikataa: mwalimu akiandika, mwanafunzi akinakili, na wote wawili wakiomba mtihani uulize yale yaliyonakiliwa.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini katika West Nile, na hasa katika shule za sekondari za Arua na Koboko. Mwaka 2005 Serikali ya Uganda iliamua kwamba fizikia, kemia na biolojia yawe masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2007 ikaanzisha mpango wa Elimu ya Sekondari kwa Wote. Uamuzi wa kwanza ulitaka kila mtoto asome sayansi, na wa pili uliwaingiza darasani watoto wengi zaidi. Yote mawili yalikuwa maamuzi mema. Lakini maabara, vyombo na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Katika shule nyingi nchini vyombo vichache vilivyokuwapo vilifungiwa kabatini, vikatolewa wakati mtihani wa vitendo ulipokaribia. Mwanafunzi aliyesoma kemia kwa miaka minne akajikuta anashika chombo cha kupimia kwa mkono unaotetemeka, kama kuruta aliyepelekwa vitani kabla ya kupiga shabaha hata mara moja.

Mwezi wa Februari 2020 ulianza kutumika mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala. Haukuwahi hata kuzoeleka, kwani mwezi uliofuata shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wanafunzi wa kwanza waliosoma kwa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024. Mtaala huu unamtaka mwanafunzi atende: apime, alinganishe, atengeneze, aeleze alichokiona. Katika kila alama 100, alama 20 hutokana na kazi anazozifanya shuleni, na alama 80 hutokana na mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda.

Alama hizo 20 ni amana, na hapo ndipo penye hatari. Pasipo uangalizi zinaweza kujazwa katika karatasi bila kazi yoyote kufanyika, na mtaala mpya ukawa ni ule wa zamani uliovishwa sare mpya. Kila askari anajua tofauti kati ya kitabu cha zamu kilichoandikwa na mlinzi aliyekesha, na kile kilichojazwa asubuhi na mlinzi aliyelala. Vyote viwili husomeka vizuri. Ni kimoja tu kinachoilinda kambi.

Katika Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na katika Koboko, iliyofanywa wilaya mwaka 2005, sababu za kushindwa haziwezi kukosekana. Koboko iko mpakani, karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na imewapokea wakimbizi wengi ambao watoto wao wanahitaji kusoma pamoja na watoto wa wenyeji. Madarasa husongamana, na jibu lililo jepesi ni kusema: "Hatuna maabara." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Historia ya West Nile yenyewe inaonyesha kwamba baadhi ya mambo makubwa ya sayansi yaligunduliwa katika ardhi hiyo kwa vyombo ambavyo hata shule maskini inaweza kuvipata.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alitumika katika kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza. Baada ya vita alifanya kazi Uganda, katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1958 alieleza habari za saratani iliyokuwa ikiwavimbisha watoto taya. Ili kujua ugonjwa huo unaanzia wapi na kuishia wapi, alipeleka barua na picha katika hospitali nyingi za Afrika, na majibu yalipofika akatia alama katika ramani. Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na madaktari wawili, mmoja wao akiwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua. Walisafiri kwa muda wa majuma kama 10, mwendo wa karibu kilomita 16,000, wakiuliza na kuandika. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa katika maeneo ya joto na mvua ya kutosha, na kwamba ulipungua milimani penye baridi.

Aliporudi Kuluva, Daktari Williams aliendelea na kazi ambayo haikuhitaji mtambo wowote. Kila alipompokea mtoto mwenye ugonjwa huo aliandika kijiji alikotoka na wakati ugonjwa ulipoanza. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha matokeo: watoto wa West Nile walioanza kuugua kati ya 1961 na 1965 walikaribiana mno kwa mahali na kwa wakati, kuliko ambavyo bahati tu ingeweza kuleta. Daftari, kalenda na ramani viliona kile ambacho jicho la mtu mmoja lisingeweza kukiona. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watafiti wa kimataifa walirudi West Nile wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, na kazi hiyo ikasaidia kuthibitisha uhusiano kati ya saratani hiyo na virusi vilivyokuwa vimegunduliwa mwaka 1964.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Kwa vizazi vingi mbung'o wa kando ya mito wameeneza malale katika Arua, Koboko, Maracha, Yumbe na wilaya za jirani. Watafiti waliwachunguza wadudu hao kwa subira: wanavutwa na rangi gani, wanatua wapi, kitambaa kikubwa kiasi gani kinatosha. Walipata kwamba kitambaa cha buluu cha sentimita 25 kwa 25, kikiunganishwa na kipande cha wavu mweusi cha kipimo hicho hicho na kutiwa dawa ya kuua wadudu, kinatosha kumwangamiza mbung'o wa mtoni. Tangu mwaka 2011 vitambaa hivyo vilisimikwa kandokando ya mito ya West Nile, vipatavyo 20 kwa kila kilomita. Palipofanyiwa majaribio mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Pamoja na kazi ya kuwapima watu na kuwatibu, jitihada hizo zilizaa matunda: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina hiyo ya malale si tena tatizo la afya ya jamii nchini Uganda.

Jina la West Nile limeingia hata katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, kwa sababu mwaka 1937 virusi ambavyo havijajulikana vilipatikana katika damu ya mwanamke mmoja wa eneo hilo aliyekuwa na homa. Kwa hiyo West Nile imeipa sayansi damu yake, mito yake na jina lake. Haki inadai kwamba watoto wake nao waipe sayansi mikono yao na akili zao, wasibaki kuwa watu wa kupimwa tu miaka nenda miaka rudi.

Kazi ya kuanzia haihitaji fedha nyingi. Jiwe lililofungwa kwenye uzi hutosha kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza jinsi ya kupima. Wakihesabu mabembeo yake kwa saa, watagundua wenyewe kwamba jiwe zito na jiwe jepesi hubembea kwa muda ule ule, bali uzi mrefu hubembea polepole zaidi. Maji ya maua mekundu ya choya hubadilika rangi yakitiwa ndimu, na hubadilika tena kwa namna nyingine yakitiwa maji ya majivu. Dawa ya vidonda yenye ayodini, ikidondoshwa juu ya kipande cha muhogo, huonyesha wanga kwa kugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kopo lililowekwa uwanjani, likapimwa kwa rula kila asubuhi, huwa kipimo cha mvua. Vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali, vikipakwa asali na kuwekwa mahali pamoja, humwezesha mwanafunzi kuhesabu nzi wa kawaida wanaotua juu ya kila rangi, na kuelewa jinsi fumbo la mbung'o lilivyofumbuliwa. Lililo la lazima ni kwamba kila mwanafunzi ashike chombo kwa zamu yake. Si halali mvulana mmoja hodari afanye jaribio, na wasichana waachiwe kazi ya kuandika tu.

Lakini sayansi ya mikono ina nidhamu yake, na katika hili askari wanajua kuliko watu wengi. Mwaka 2012 Uganda ilitangaza kwamba imekwisha kuondoa mabomu yote yaliyotegwa ardhini ambayo mahali pake palijulikana. Hata hivyo, katika eneo lililopitiwa na vita, na lililo jirani na nchi zilizoona vita vingi, mtoto aliyeagizwa kuleta vipande vya chuma kwa ajili ya somo anaweza kuokota kitu kilichomshinda hata aliyekitengeneza. Mwalimu hana budi kuwaambia wanafunzi waziwazi kwamba chuma kisichojulikana hakiguswi wala hakipigwi jiwe, bali hupewa taarifa. Askari anayekwenda shuleni kulieleza hilo kwa dakika 20 anafanya kazi ya ulinzi sawasawa na yule aliyeko doria.

Mchango wa watu wenye sare hauishii hapo. Barabara ya lami inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imerahisisha safari na biashara, lakini imeongeza pia mwendo wa magari na pikipiki. Polisi wa usalama barabarani anaweza kuwaonyesha wanafunzi, uwanjani na si barabarani, kwamba chombo kinachokwenda kwa mwendo maradufu huhitaji mara nne ya umbali kusimama baada ya breki kukamatwa. Hiyo ni fizikia, tena ni fizikia inayookoa maisha. Askari wa mawasiliano anaweza kueleza betri na waya. Askari wa uhandisi, mizigo na nguvu za daraja. Tabibu wa kikosi, usafi wa maji. Wengi wa wanafunzi hao wanasoma Kiswahili pia katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na mazungumzo ya namna hiyo yatawanufaisha mara mbili.

Haya yote hayaipunguzii serikali deni lake. Uzi na jiwe haviwezi kuchukua nafasi ya hadubini, wala kopo la maziwa haliwezi kuwa mizani sahihi ya kemia. Sheria inayomlazimisha mtoto kusoma sayansi inailazimisha pia dola kumpa mahali pa kuisomea. West Nile inacho Chuo Kikuu cha Muni, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2013, na ambacho huandaa walimu wa sayansi. Walimu hao wakipangiwa shule isiyo na chombo hata kimoja, ujuzi wao utaingia kutu kama panga lililoachwa mvuani. Wakuu wa shule nao wana wajibu wa kuyafungua makabati. Chombo kinachovunjika mkononi mwa mwanafunzi anayejifunza kimefanya kazi yake. Chombo kinachozeeka ndani ya sanduku kikiwa kizima ni hasara tupu.

Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, na wakazi wa West Nile, wanaoijua asali vizuri, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Mzazi askari anaporudi nyumbani kwa likizo huwa na desturi ya kumwuliza mwanawe amepata alama ngapi. Swali hilo si baya, lakini liko jingine linalopaswa kulitangulia: "Muhula huu umepima nini kwa mikono yako?" Mtoto akiwa na jibu, mzazi na ashukuru na kumtia moyo mwalimu. Akikosa jibu, mzazi huyo na aende shuleni, kwa heshima na bila kelele, akaulize kwa nini. Wazazi wengi wakiuliza hivyo katika Arua na Koboko, zile alama 20 hazitajazwa gizani, na hadubini iliyofungiwa kabatini itatolewa.