Visima vya Isaka

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 26.

Twende pamoja kwa mawazo mpaka vijiji vya karibu na Garsen, kando ya Mto Tana. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Ng'ombe walikufa, mashamba yakakauka. Watu wakaomba mvua. Novemba 2023 mvua ikaja, tena ya El Nino, na mto ukafurika ukachukua mashamba na nyumba. Waliokimbilia mahali palipoinuka walizungukwa na maji pande zote, huku wana kiu. Maana maji ya mafuriko hupitia vyooni na mazizini kabla ya kuingia kisimani, na ayanywaye bila kuyachemsha hukaribisha kipindupindu.

Wako wasemao kwamba hiyo ni adhabu. Mimi sithubutu kusema hivyo. Bwana Yesu mwenyewe aliwakataza watu kudhani kwamba waliopatwa na msiba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine.

Tumtazame Isaka. Visima alivyoachiwa na baba yake Ibrahimu vilikuwa vimefukiwa kwa udongo. Je, aliketi akalia? La. Alivifukua tena. Akachimba na vingine, na wachungaji wa Gerari wakagombania cha kwanza, wakagombania cha pili. Alipochimba cha tatu, ugomvi ukakoma, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Ndugu zangu, kuomba mvua ni vema, lakini tuombe jembe likiwa mkononi. Mdomo wa kisima uinuliwe kwa mawe na saruji, choo kichimbwe mbali nacho. Kanisa lenye paa la mabati liweke mifereji na tangi. Paa la mita 10 kwa 5, likinyeshewa milimita 10 tu, huteremsha karibu lita 500, yaani madebe 25. Maji hayo tumeyaacha yamwagike miaka mingapi?

Tena kisima kikipatikana, kiwe Rehobothi. Mwaka 2012, katika eneo hilo hilo la Tana, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na maji na malisho yalikuwa miongoni mwa mambo waliyogombania. Mkulima ahitaji maji kwa shamba lake, na mfugaji kwa ng'ombe wake. Anayemfungia jirani njia ya kwenda mtoni amekifukia kisima, hata kama hakushika koleo.

Basi wewe unayenisikiliza, kisima gani kijijini mwako kimejaa matope? Na ni jirani gani hana nafasi penye kisima chako?

Tuombe. Ee Baba, utupe mvua kwa kiasi chake. Utupe mikono isiyochoka kuchimba, na mioyo isiyochoka kugawana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.