Kutoka Picha ya Angani hadi Hati ya Malipo: Ndege Nyuki katika Eneo la Ujenzi

Utangulizi

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki nyepesi za kurushwa kwa mkono. Ramani iliyopatikana inaonyesha mapaa, vichochoro na mashamba kwa undani wa sentimita chache tu kwa pikseli. Mwaka huohuo Japani ilianza kutekeleza mpango wa i-Construction, unaotaka kazi za udongo katika miradi ya umma zipimwe kwa vipimo vya pande tatu, vikiwemo vya ndege nyuki.

Mipango miji huweza kutumia ramani moja kwa miaka. Eneo la ujenzi hubadilika kila wiki. Kwa hiyo mada hii inasisitiza vipimo vinavyorudiwa juu ya msingi uleule, kuliko uzuri wa picha moja.

Picha inavyogeuka kipimo

Ndege hupita kwa mistari sambamba, na picha zake hupishana kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Programu huitafuta nukta ileile katika picha kadhaa, kisha hukokotoa mahali ilipo na mwinuko wake. Ndege nyuki aina ya Phantom 4 RTK, iliyotoka mwaka 2018, ikiruka mita 100 juu hutoa pikseli ya takriban sentimita 2.7 ardhini.

Nukta hizo huunda modeli ya miinuko. Modeli ya mwezi huu ikilinganishwa na ya mwezi uliopita, tofauti ni ujazo wa udongo uliokatwa au kifusi kilichomwagwa. Mkadiriaji majenzi hategemei tena hesabu ya tipa getini pekee, na rundo la kokoto hupimwa bila mtu kulipanda.

Michoro ya mhandisi ikiwekwa juu ya ramani-picha, mapema huonekana mtaro unaokatiza njia ya tipa, au bonde ambamo maji ya masika yatatuama. Mabomba yakipigwa picha kabla ya kufukiwa, fundi wa baadaye atajua pa kuchimba.

Sentimita tatu zina bei

Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Modeli nzima ikikosea mwinuko kwa sentimita 3, ujazo hukosewa kwa mita za ujazo 300, yaani safari 30 za tipa la mita za ujazo 10. Nani atazilipa?

Kinga ni alama za ardhini zilizopimwa na mpima ardhi, pamoja na alama nyingine ambazo haziingizwi kwenye ukokotoaji, bali hutumika kuukagua. Kamera nayo huona ncha za nyasi, si udongo ulio chini yake. Eneo lenye vichaka husafishwa kwanza au hupimwa kwa laida, yaani kipimo cha miale ya leza. Zaidi ya hayo, mwinuko unaotolewa na setilaiti hauhesabiwi kutoka usawa wa bahari. Katika pwani ya Tanzania tofauti kati ya mwinuko huo na ule wa kutoka usawa wa bahari inazidi mita 20, na asiyeirekebisha atakuta michoro yake haikutani na ardhi.

Mapendekezo

Kwanza, kabla ya greda kuingia, ardhi ya asili ipigwe picha, na mkandarasi na mhandisi mshauri wasaini matokeo kwa pamoja. Bila msingi huo, kila hati ya malipo itazua ubishi.

Pili, alama za msingi zijengewe zege mbali na njia za mitambo, na zitumike hadi mradi uishe.

Tatu, kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kiombwe mapema na kiingizwe kwenye ratiba ya kazi.

Nne, mkataba utaje mmiliki wa picha ghafi. Mshitiri apewe nakala na kuzitunza mpaka hesabu ya mwisho ifungwe, ili mtaalamu mwingine aweze kukokotoa upya ujazo unaobishaniwa.