Mwajiri Akibadili Jina, Pesa za Uzeeni Ziko Wapi?

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wafanyakazi wa manispaa na kaunti waliokutana Kisii. Yamepigwa chapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

 

Najua wengine wenu mnaulizana, mtu wa reli ametafuta nini huku? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo haikupanda vilima hivi vya Gusii. Ni kweli. Tena mimi si mwanasheria wala mtu wa hesabu kubwa. Kazi yangu ni ya karakana, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini Bwana Katibu aliniita kwa sababu moja. Sisi wa reli tumeona mara mbili jinsi pesa za wazee zinavyopotea njiani wakati mwajiri anapobadili jina. Ninyi wa mabaraza ya miji jambo hilo limewafika mwaka 1989, na mwaka 2013, na tena tangu mwaka 2019. Basi nimekuja tulizungumze.

Kwanza tuelewane juu ya pesa zenyewe. Wako watu, hata ndani ya vyama vyetu, wanaosema kwamba pensheni ni zawadi ambayo tajiri humpa mtumishi mwema. Si zawadi. Ni mshahara uliokwisha fanyiwa kazi, ila umewekwa usiliwe leo. Katika mifuko ya wafanyakazi wa mabaraza na kaunti, mfanyakazi hukatwa asilimia 12 ya mshahara wake wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 15. Chukueni mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 20,000. Yeye hukatwa 2,400, mwajiri hutoa 3,000, jumla ni 5,400 kila mwezi. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 64,800. Ikiwa mwajiri amekaa miaka mitatu bila kuzipeleka, mtu huyu amekosa 194,400, na hapo sijahesabu faida ambayo pesa hizo zingezaa zikiwa mfukoni. Kwa mtu wa Daraja Mbili au Keroka hiyo ni ng'ombe wa maziwa na mabati ya nyumba, na chenji inabaki.

Sasa niwaambie habari za reli. Wazee wetu wengi walifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililokuwa la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mabehewa yaligawanywa, injini zikagawanywa, majengo yakagawanywa. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984, miaka saba baadaye, na humo ikakubaliwa kwamba kila nchi itawalipa watu wake pensheni. Lakini kukubaliana ni jambo moja na kulipa ni jingine. Kule Tanzania wazee wa Jumuiya waliendelea kudai, wakaenda kortini, wakaandamana katika barabara za Dar es Salaam, na mwaka 2005 bado serikali yao ilikuwa inaandikiana nao mapatano ya malipo. Hesabuni, kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa amefika 78, kama alikuwa hai.

Mara ya pili ni hapa Kenya. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni iliyoitwa Rift Valley Railways, na mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli la Kenya. Pesa taslimu za kuujaza mfuko huo hazikuwapo za kutosha, kwa hivyo ukapewa ardhi na nyumba za reli, na baadhi yake ni mtaa wa Muthurwa pale Nairobi. Ardhi ni mali nzuri, sikatai. Lakini mzee hawezi kula kiwanja. Mfuko ukitaka kupata pesa sharti uuze au ujenge, na ndani ya nyumba zile mnakaa watu. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa, na hukumu ilitoka mwaka 2013, nayo ikasema kwamba haki zao zilivunjwa. Basi mkaona maskini akishitakiana na pensheni ya maskini mwenzake! Waliolimbikiza deni lile la zamani hawakuwa wakiishi Muthurwa. Na ile kampuni nayo ilikwisha ondoka mwaka 2017.

Sasa tugeuke tutazame kwenu. Mfikirieni mtu aliyeajiriwa na baraza la wilaya la Gusii mwaka 1988 akiwa na miaka 25. Mwaka 1989 Nyamira ikatengwa na Kisii ikawa wilaya peke yake. Ikiwa kituo chake kilikuwa upande ule, baadaye alijikuta chini ya baraza jingine. Mwezi wa Machi mwaka 2013 mabaraza yote yakafa, la manispaa ya Kisii, la Gusii, ya miji kama Keroka, Ogembo, Suneka na Nyansiongo, na mahali pake pakasimama kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Mfuko wa Kustaafu wa Serikali za Kaunti, yenye nia ya kuwaweka watumishi wa kaunti zote katika mfuko mmoja, badala ya kutawanyika katika LAPFUND, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1960, na LAPTRUST na mingineyo. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60 tangu mwaka 2009, kwa hivyo mtu huyu alistaafu mwaka 2023. Yeye hakutoka kwenye ufagio wake au kalamu yake. Waajiri ndio waliopita juu ya kichwa chake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliacha hesabu yake pale alipoiacha.

Mnajua yanayompata mzee kama huyo. Anakwenda katika ofisi ya kaunti, anaambiwa: deni hilo ni la baraza la zamani, sisi tulianza 2013. Anakwenda kwa mfuko, anaambiwa: miaka yako fulani na fulani haikuletwa, tunaidai kaunti. Akiuliza habari za baraza, baraza halipo, na karani aliyekuwa akitunza faili amekwisha staafu naye anatafuta yake. Baba yangu mdogo alifagia soko miaka mingi katika baraza moja ambalo sitalitaja. Aliniambia kwamba kutafuta ile pesa kulimchosha kuliko kufagia.

Nami nasema wazi kwamba jawabu la "deni ni la baraza la zamani" si jawabu. Kaunti ilirithi masoko ya baraza, ikarithi stendi za magari na ushuru wake, ikarithi majengo na viwanja. Haiwezekani arithi shamba halafu aseme deni la marehemu halimhusu. Katika mila zetu za Kigusii mwana akifanya hivyo wazee watamwita barazani, na atatoka hapo ameinamisha kichwa.

Tena kuna jawabu la pili ambalo mnapewa, kwamba Hazina ya Nairobi imechelewesha mgao. Hilo lina ukweli ndani yake, maana Hazina huchelewa kweli, na kaunti nyingi za Kenya zinadaiwa mabilioni ya shilingi na mifuko ya pensheni, Nairobi ikiwa ya kwanza. Lakini tazameni vizuri linalotendeka. Pesa zikifika pungufu, mshahara wa mkononi hulipwa, maana usipolipwa watu watagoma kesho yake. Makato ndiyo yanayoachwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu hasikii njaa ya pensheni mpaka afike miaka 60. Karatasi yako ya mshahara imeandikwa "amekatwa shilingi 2,400", nawe unaamini zimekwenda. Hazikwenda mahali. Zimekopwa kwako bila kuombwa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ni ya mwaka 1997, nayo ndiyo iliyounda Mamlaka tunayoiita RBA, yenye kazi ya kusimamia mifuko hii. Sheria inasema makato ya mwezi sharti yafike katika mfuko kabla ya kupita tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Haikusema mwajiri akijaliwa. Asiyepeleka amefanya kosa, na RBA ina uwezo wa kumwandikia alipe pamoja na faida na faini. Wadhamini wa mfuko nao wana wajibu wa kumpa kila mwanachama taarifa ya hesabu yake kila mwaka. Kwa hivyo mlinzi yupo, na sheria ipo. Lakini mlinzi huyo anakaa Rahimtulla Tower, Upper Hill, Nairobi, na hawezi kujua kwamba wewe wa Nyamira ulikatwa mwezi wa Februari na pesa haikufika, mpaka mtu amwambie.

Basi kazi ya kuangalia inaanzia hapa tawini. Kila mmoja wenu anayo karatasi ya mshahara, na kila mwaka anastahili kupata taarifa ya mfuko. Ziwekeni pamoja mezani. Karatasi ya mshahara inasema kilichokatwa. Taarifa inasema kilichofika. Kama miezi kumi na miwili imekatwa na minane ndiyo iliyofika, deni ni miezi minne, na huhitaji mwanasheria kukuhesabia. Mimi ningependa tawi lichague watu wawili, mmoja wa Kisii na mmoja wa Nyamira, wawe na daftari la kazi hiyo tu, na kila baada ya miezi mitatu wamwandikie mwajiri barua yenye tarehe, wakipeleka nakala kwa wadhamini wa mfuko. Wakinyamaziwa, barua inakwenda RBA. Asiyeridhika na uamuzi wa RBA, lipo Baraza la Rufani la Mafao ya Kustaafu. Kulalamika kwa mdomo dirishani si kitu. Dirisha halina faili.

Juu ya huu mfuko mmoja wa mwaka 2019, mimi siupingi. Mfuko mmoja waweza kuwa rahisi kuangaliwa. Ila kabla mtu hajahamishwa kutoka mfuko wa zamani kwenda mpya, apewe karatasi yenye jina lake, miaka yake yote ya kazi, pesa zilizofika na pesa ambazo bado zinadaiwa na nani, na mwajiri atie sahihi. Wazee wa Jumuiya hawakupewa karatasi ya namna hiyo mwaka 1977, na hilo ndilo lililowafanya watafutane na serikali mpaka mvi zikawaisha. Mkihama bila sahihi, deni linabaki katika nyumba isiyo na mtu.

Nisiwasahau vibarua, hasa mama zetu wanaofagia mji alfajiri. Kibarua hayumo katika mifuko hii niliyoitaja, lakini NSSF inamhusu. Kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo makato yake yalianza mwaka 2023 baada ya kesi ndefu, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri naye hutoa asilimia 6, mpaka kiwango kilichowekwa. Mama akikatwa, aulize namba yake ya NSSF na aangalie kama pesa zinaingia. Akiwa amefanya kazi miaka na hakatwi kitu, hilo nalo ni shauri la chama, na si dogo.

Tena moja ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Jazeni fomu ya warithi wa pensheni, na mkioa au mkifiwa, ibadilisheni. Pesa hizi hazihesabiwi kuwa sehemu ya mali ya marehemu inayogawanywa kortini. Wadhamini huzilipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na fomu hiyo ndiyo wanayoitazama. Nimeona matanga ambayo ndugu wa marehemu walifika na madai marefu, na mjane hakujua hata jina la mfuko. Mwambieni mke jina la mfuko na namba ya uanachama leo jioni, kabla ya chakula.

Bwana Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, na magari ya Nyamira yataondoka. Fomu za kuandika malalamiko ziko kwa Bwana Katibu, pamoja na daftari jipya. Aliyekuja na karatasi zake za mshahara asiende kwanza. Tutaanza na wenye kustaafu mwaka huu, kisha wale waliotoka baraza la Keroka, maana faili zao zina taabu ya kugawanyika kati ya kaunti mbili.