Mtunza Hazina wa Kijiji cha Down



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu nimepewa dakika chache, nami nimechagua kumkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlisikia jina lake kwa sababu nyingine: Charles Darwin wa Uingereza. Elimu yake ya asili ya viumbe, iliyomletea sifa na ubishi mwingi, sitaigusa leo. Nataka kumsema baba wa nyumba, mpenda mambo mengi na mtunza hazina.

Alizaliwa mwaka 1809. Mwaka 1839 alimwoa binti ya mjomba wake, Emma Wedgwood, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Down katika jimbo la Kent. Mungu aliwajalia watoto kumi. Watatu walifariki wangali wadogo. Mmoja wao, Annie, alifariki mwaka 1851 akiwa na miaka kumi, na baba yake akakaa chini siku chache baadaye kuandika sifa za mtoto wake ili zisisahauliwe. Darwin alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, kwa hiyo alifanya kazi nyumbani. Watoto walichora picha nyuma ya karatasi za miswada yake, na baadhi ya picha hizo zipo hata leo.

Mapenzi yake yalikuwa mengi. Ujanani alikusanya mbawakavu. Toka 1855 alifuga njiwa na kuketi pamoja na wafugaji wa njiwa wa London. Aliotesha maua ya kila namna. Jioni alicheza bagamoni na mkewe, akiandika kila ushindi. Mwaka 1876 alimwarifu rafiki yake kwamba yeye amekwisha kushinda michezo 2,795, na mkewe 2,490. Mtu wa hesabu namna hii, kwa maoni yangu, hafai kuachwa nje ya kamati yo yote!

Lakini wakulima watapenda zaidi habari ya nyungunyungu. Aliwafuga katika vyungu ndani ya chumba chake cha kazi. Mwanawe Francis aliwapigia zumari kubwa, Emma akawapigia piano. Wasijali hata kidogo, mpaka vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, ndipo waliposikia mtikisiko wakajificha. Watu walicheka, bila shaka. Hata hivyo, mwaka 1842 alikuwa amemwaga vipande vya chokaa juu ya shamba moja, akangoja miaka 29. Mwaka 1871 alichimba handaki, akaikuta chokaa ile imezama inchi saba. Nyungunyungu walikuwa wameleta udongo juu kidogo kidogo, pasipo jembe. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake Aprili 1882.

Sasa nafika kwenye hazina. Mwaka 1850 Darwin alisaidia kuanzisha Chama cha Kusaidiana cha Down, ambacho wafanya kazi wa kijiji walitoa fedha kidogo kidogo ili mgonjwa apate msaada. Alitunza fedha zake kwa muda wa miaka 30. Kila mwaka wanachama walikuja kwa maandamano, bendera na bendi mbele, mpaka uwanja wa nyumba yake, naye akatoka kuwaeleza hali ya fedha, akitia na mzaha ule ule wa mwaka jana.

Mwaka 1877 baadhi yao walitaka chama kivunjwe na fedha zigawanywe. Nadhani hakuna aliyeko hapa ambaye maneno hayo ni mageni masikioni mwake, hasa msimu bei ikianguka. Mzee hakukasirika wala hakujiuzulu. Alichapisha waraka kwa wanachama wote, akawasihi kama mtunza hazina wao wa miaka 27 wasikivunje chama chao. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 68 mwezi ule ule.