Mega za Nani? Wakutubi wa Butembo na Beni Mbele ya Zana za Mtandaoni

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kongo ilikata intaneti nchi nzima, na haikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Beni na Butembo, miji ya mashariki mwa nchi, zilikuwa hata hazijapiga kura ya rais, kwa kuwa tume ya uchaguzi ilikuwa imeziahirishia kura hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Maktaba ambayo katalogi yake yote ingekuwa kwenye seva ya ng'ambo ingekaa karibu wiki tatu bila kujua kitabu gani kiko wapi. Mada hii inaanzia kwenye ukatikaji huo kwa makusudi. Semina nyingi za teknolojia huanzia kwenye slaidi za maktaba zenye umeme usiozimika, kisha mshiriki hurudi kazini na cheti chake na kukuta jenereta haina mafuta.

Butembo inajulikana kwa wafanyabiashara wake, lakini ni mji wa vyuo pia. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilianza mwaka 1989. Mapadre Waasumpsionisti, waliofika eneo hili mwaka 1929, nao wana chuo kikuu chao mjini. Beni, umbali wa kilomita zipatazo 54, ina UCBC, chuo cha Kikristo kilichofunguliwa mwaka 2007 na kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Vyuo hivi vimepita katika mauaji ya raia yaliyoanza kuiandama Beni Oktoba 2014, Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kuua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020, kufungwa kwa shule na vyuo kwa ajili ya Covid Machi 2020, na utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kila mara msomaji alipozuiwa kufika kwenye meza ya mkutubi, ilibidi kazi ihamie kwenye simu. Na simu, tukubaliane, watu hawakujifunza darasani. WhatsApp ilieleweka kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili anayesubiri jibu.

Jambo hilo liligunduliwa kwingine pia. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, Helene Blowers aliwaandalia watumishi wenzake mpango wa mambo 23 ya kujaribu mtandaoni, kidogo kidogo kwa wiki tisa. Hapakuwa na mwalimu wa kusimama mbele. Mtumishi alifungua, akajaribu, akaandika alichokiona, na aliyemaliza akapewa kifaa cha kusikilizia muziki. Mpango huo ukaigwa na mamia ya maktaba duniani. Kwa Butembo, 23 ni mengi mno. Manne yanatosha, mradi yawe ya kazi halisi.

La kwanza liwe katalogi. PMB ni programu ya bure iliyoanzia Ufaransa mwaka 2002. Koha, ya bure pia, ilitoka New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja ndani ya jengo na kufunguliwa na nyingine kwa waya au Wi-Fi, bila hata mega moja ya intaneti. Intaneti inahitajika kwa dakika chache tu. Mkutubi anaandika ISBN, zile tarakimu 13 za nyuma ya kitabu (10 kama ni cha kabla ya 2007), programu inaiuliza Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na rekodi inashuka ikiwa na mwandishi, anwani, mchapishaji, mwaka, mara nyingi na namba ya Dewey. Kinachobaki ni kubandika namba ya rafu. Kwa hiyo ni busara kukusanya vitabu kwenye meza asubuhi, kusubiri mtandao uwe mzuri, kisha kuvishusha vyote kwa mkupuo.

La pili ni kuorodhesha kazi za hapa, na hapo ndipo ugumu wenyewe unapojitokeza. Memwari, yaani kazi ambayo mwanafunzi huandika kumalizia masomo yake, haina ISBN. Kazi kuhusu kakao ya Beni, au kuhusu jinsi mtaa mmoja ulivyopokea timu za Ebola, haijaorodheshwa Paris wala Washington. Mkutubi asipoiandika yeye, haimo katika katalogi yoyote duniani, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine atainakili kuanzia utangulizi hadi hitimisho bila mtu kushtuka.

Kisha kuna majina. Wanande, wenyeji wa eneo hili, humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa: Kambale ni mwana wa pili, Kasereka wa tatu, na wasichana nao wana mfuatano wao. Ukitafuta Kambale katika orodha ya memwari za Butembo, utapata umati. Hakuna mkufunzi kutoka nje atakayelitambua tatizo hili; mkutubi wa hapa analijua tangu utoto wake. Dawa yake ni sheria moja iliyoandikwa na kufuatwa na wote: majina yote ya mwandishi kwa mpangilio uleule, pamoja na mwaka wa kuzaliwa pale unapojulikana. Tena kompyuta iliyopitia mpakani Kasindi kutoka Kampala au Dubai huja na kibodi ya Kiingereza, na aliyezoea Excel ameshaona kwamba jina lililoandikwa bila alama zake za Kifaransa halipatikani likitafutwa na alama. Kwenye Windows, Alt na 130 huleta é, Alt na 138 huleta è. Karatasi yenye namba hizo ibandikwe ukutani leo hii.

Mawili yaliyobaki ni mepesi zaidi. Kiwix hubeba Wikipedia nzima ya Kifaransa katika faili moja la makumi ya gigabaiti. Linapakuliwa mara moja, hata Kampala, kisha linasomwa na chumba kizima bila mtandao. Research4Life, iliyoanza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huzipa taasisi za Kongo majarida ya kisayansi bila malipo, na ina kozi za mtandaoni za kuwafundisha watumiaji. Taasisi ndiyo inayosajiliwa na kupewa nywila. Ikibaki kichwani mwa mtu mmoja, akihama imehama naye, basi iandikwe mahali ambapo angalau watumishi wawili wanapajua.

Lipo swali ambalo semina hulikwepa: nani analipa? Mkutubi anayeombwa kujifunza jioni, kwa simu yake na kwa mega alizonunua mwenyewe, ataacha mwezi wa pili, na atakuwa na haki. Wakuu wa vyuo vya Butembo na Beni wanaombwa wawape watumishi wa maktaba saa moja ya kazi kila wiki, mlango ukiwa umefungwa, na kifurushi cha intaneti kinacholipwa na taasisi. Bila vitu hivyo viwili, fedha za semina ijayo zitumike kununulia betri.